Mparsi Aliyeikagua Dola

Julai 1892, wapiga kura wa Finsbury ya Kati, London, walimpa Dadabhai Naoroji kura 2,961. Mpinzani wake wa chama cha Conservative, Frederick Penton, akapata 2,956. Kwa kura tano tu, mtoto wa kuhani maskini wa Kiparsi kutoka India akaingia Bunge la Uingereza kwa tiketi ya Liberal. Siku ya kuapa hakushika Biblia bali Avesta, kitabu cha Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra.

Miaka minne kabla, Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitamka hadharani, akimlenga Naoroji, kwamba Waingereza hawajafikia hatua ya kumchagua "mtu mweusi". Kejeli hiyo ilimgeuka msemaji: magazeti yaliivalia njuga, na jina la Naoroji likavuma nchi nzima.

Naoroji alizaliwa mwaka 1825, akafundisha hisabati katika Chuo cha Elphinstone, Bombay, kisha mwaka 1855 akaenda Uingereza akiwa mbia wa Cama & Company. Biashara ya kampuni hiyo ya kasumba na pombe ilimkera, akajitoa. Mwaka 1859 akaanzisha kampuni yake, akauza pamba.

Macho ya mfanyabiashara ndiyo aliyoyatumia kuutazama ukoloni. Aliona mali ikitoka India kila mwaka pasipo malipo ya kurudi: mishahara na pensheni za maofisa wa Kiingereza, gharama za vita na za ofisi za London, zote zikibebeshwa mlipa kodi wa India. Akazichukua takwimu za serikali yenyewe na kukokotoa kuwa pato la Mhindi mmoja halizidi rupia 20 kwa mwaka. Kisha akapekua hesabu za magereza. Katika majimbo mengi, kumlisha na kumvisha mfungwa kuligharimu zaidi ya hapo! Wakoloni walibishana naye miaka na miaka, lakini ilikuwa vigumu kuzikana karatasi zao wenyewe.

Bungeni hakudumu. Mwaka 1893 wabunge walipitisha azimio aliloliunga mkono, kwamba mitihani ya utumishi wa serikali ya India ifanyike India pia, si London pekee, lakini serikali ikalipuuza. Mwaka 1895 akashindwa uchaguzi.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 81, aliongoza mkutano wa chama cha Congress cha India mjini Calcutta kwa mara yake ya tatu kama rais. Safari hii mzee huyo aliyewahi kuiamini haki ya Waingereza alidai swaraj, yaani kujitawala. Alifariki Bombay tarehe 30 Juni 1917.