Ngumi za Hewani Zafika Kiogoro

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa toka nitoke, ni kinyozi katika soko la Kiogoro, si mbali na mji wa Kisii. Kilichompeleka huko ni mapenzi. Alioa kwa watu, akakuta ukweni kuna mvua, kuna chai na kuna migomba kila pembe, akaona si haba, akakaa. Juzi akanipigia simu kunieleza kuwa amepata biashara mpya, naye ataka shauri langu kabla hajaitoa akiba yake ya miaka miwili. Mimi ni mtu wa mashairi na magazeti, biashara siijui. Lakini kabla sijamjibu, mamake naye akapiga, na maneno yake yalikuwa machache: "Kaka, nenda ukamwambie mwanao asiwafundishe watoto wa watu kupigana." Basi nikafunga safari.

Biashara yenyewe ni hii. Nyuma ya kinyozi kuna chumba, na ndani yake kuna televisheni na mashine ya PlayStation. Vijana huja jioni wakacheza kandanda na Tekken, kila mchezo kwa malipo yake. Sasa amezuka mchuuzi mmoja amwuzia mashine nyingine, Xbox 360 iliyokwisha tumika, pamoja na jicho lake liitwalo Kinect na sahani mbili: Kinect Sports na Fighters Uncaged. Mashine hii haitaki kushikwa. Mchezaji asimama mbele ya televisheni, arusha ngumi hewani, na yule mtu wa kwenye kioo arusha vile vile. "Mjomba, hapa Kiogoro hakuna aliye nayo," akaniambia, na macho yake yalikuwa yang'aa kama ya mtoto usiku wa kuamkia Idi.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huko ilikotoka wameisemaje?" Hakujua. Ikawa kazi yangu kutafuta.

Kwanza namweleza kwa ufupi msomaji ambaye wajukuu zake hawajamwingizia kitu hiki nyumbani. Tamaa ya kumfanya mchezaji apigane kwa viungo vyake badala ya vidole ni ya zamani. Mwaka 1993 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa chombo kilichoitwa Activator, pete ya pembe nane iliyowekwa sakafuni. Mtu akisimama katikati, akipitisha mkono au mguu juu ya pembe moja huwa ameukata mwali wa mwanga usioonekana, na mwali ule ukikatwa ni sawa na kubonyeza kitufe. Hakikuwa kikijua ngumi wala teke. Kilijua kwamba kuna kitu kimepita. Watu walikinunua, wakakipigia mikono mpaka wakachoka, wakarudi kwenye vitufe vyao.

Kimya kikapita miaka kadhaa. Mwaka 2006 Nintendo wakaleta Wii, yenye kijiti cha mkononi kinachopima mwendo wa mkono. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa Wii Sports, na ndondi ikawa mmoja wa michezo mitano iliyomo. Sahani hiyo imefika kwa watu zaidi ya milioni 80, kwa kuwa katika nchi nyingi ilitolewa pamoja na mashine yenyewe. Hapo washindani wakaona wivu. Mwaka 2010 Sony wakatoa Move, kijiti chenye mpira wa taa kichwani unaofuatwa na kamera, na Novemba ya mwaka ule ule Microsoft wakatoa Kinect, wakauza milioni 8 katika siku 60 za mwanzo.

Sasa tuje kwa wahakiki, maana michezo hii nayo ina wahakiki wake kama vile vitabu na filamu, tena wengine ni wakali kuliko sisi tunaopima mashairi. Niliyoyasoma hayakukubaliana, na kutokubaliana kwao ndiko kulikonipa faida.

Ndondi ya Wii Sports waliisifu kwa kicheko na jasho, kisha wengi wakanong'ona kuwa katika ile michezo mitano ndiyo isiyoshika barabara. Unarusha ngumi ya kulia, mtu wako aweza kurusha, aweza asirushe. Punch-Out!! ya mwaka 2009 ilisifiwa sana, alama zake kwa wastani zilipita 80 katika 100. Lakini tazama ajabu: mchezo ule waweza kuchezwa kwa kurusha mikono au kwa kubonyeza vitufe kama zamani, na wahakiki wengi walioupenda walisema ni mtamu zaidi kwa vitufe! Yaani mchezo bora wa ngumi katika mashine ya mikono ulikuwa bora pale mikono ilipotulia.

Kisha ikaja The Fight: Lights Out ya Sony mwaka 2010, iliyotengenezwa na Waswidi wa Coldwood, na mwigizaji Danny Trejo akiwa mwalimu wa mazoezi. Hapo wahakiki waligawanyika hasa. Kuna waliosema huu ndio uliowatoa jasho la kweli, kwamba ngumi yao waliiona kwenye kioo ikienda ilivyokwenda. Na kuna waliosema mashine hupotewa na mikono, kila mara wakalazimika kusimama ili iwapime upya, na picha zake za kijivu zikawachosha macho. Alama zikaishia 50 na ushei. Ni mchezo wa nusu kwa nusu.

Na Fighters Uncaged, sahani ile ile anayouziwa mpwa wangu? Huyo hakuwa na watetezi wengi. Ubisoft waliutoa pamoja na Kinect mwaka 2010, wakaahidi mapigo zaidi ya 70: ngumi, kiwiko, goti, teke, kichwa, hata sauti ya kupiga ukelele. Wahakiki wakasema unapiga teke, mashine yafikiri, kisha mtu wako apiga kitu kingine. Alama hazikufika 40. Mrithi wake, Fighter Within wa mwaka 2013, alishuka hata chini ya 30. Kinect Sports, ile sahani ya pili, ilipokewa vizuri zaidi, na ndondi yake ni nyepesi, ya kuchekesha, isiyodai kuwa vita.

Kwa nini iwe hivi? Kinect yarusha maelfu ya nukta za mwanga usioonekana kwa macho, kamera yake ikazisoma na kupima umbali, kisha mashine ikamchorea mtu mifupa yake. Kazi hiyo ina muda wake. Ni kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde na pengine zaidi. Utasema, sehemu ya kumi ni nini? Mwulize mpiga ngoma. Mwulize aimbaye shairi akakuta mizani imezidi moja. Katika kucheza dansi au kurusha mpira wa kuvingirisha kasoro hiyo hufichika, bali katika ngumi haifichiki, kwa kuwa ngumi yote ni wakati.

Na kuna la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kwetu Lamu tuna kirumbizi. Msomaji aliyekwenda Maulidi au harusini amekiona: zumari yalia, ngoma zajibu, watu wamefanya duara, na wawili wameingia katikati na fimbo zao. Mmoja apiga, mwenzake akinga. Utamu wote uko katika ule mlio wa fimbo kukutana na fimbo, na mkono unaoupokea mtikisiko wake. Fimbo ya mwenzako ndiyo ikuambiayo kuwa umepiga vizuri au umepiga ovyo. Makunduchi nako, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa mapande ya migomba, na aliyepigwa hujua kapigwa. Ngumi ya hewani haijibiwi. Mkono unakwenda, haukutani na kitu, unarudi wenyewe. Wahakiki wa Ulaya na Marekani walilisema hili kwa maneno yao, kwamba mapigo hayana uzito. Nadhani mzee yeyote wa Lamu angaliwaambia mapema.

Arms ya Nintendo, mwaka 2017, iliikwepa shida hiyo kwa werevu. Wapiganaji wake wana mikono kama springi, yanyooka mpaka ng'ambo ya uwanja, na kwa kuwa ngumi yasafiri, ile chelewa imekuwa sehemu ya mchezo. Wahakiki waliipenda. Na wale wavaao miwani mikubwa ya kuzibia macho wamesifu ndondi kama The Thrill of the Fight ya mwaka 2016, ambayo kila mkono hushika kijiti chake. Lakini Kinect haikusubiri. Microsoft waliacha kuitengeneza mwaka 2017. Jicho analouziwa mpwa wangu likiharibika, jipya la dukani halipo.

Hayo ndiyo niliyompelekea Kiogoro. Nikamkuta amekwisha kuazimwa mashine kwa usiku mmoja, aijaribu.

Kabla ya kuiwasha akaniuliza lile la mamake. Mjomba, ni haramu? Nikamjibu kuwa mimi si mufti. Ninalolijua ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupiga uso, na kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka liliamua mwaka 1987 kuwa ndondi haifai, kwa sababu ya madhara yake kwa mwili. Mwaka mmoja baadaye, 1988, Robert Wangila wetu alitwaa dhahabu ya ndondi huko Seoul, Kenya nzima ikashangilia, nasi wa pwani tulikuwamo. Miaka sita mbele akafa Marekani baada ya pigano. Kila nikilikumbuka baraza lile humkumbuka na Wangila. Ama kupiga picha isiyoumia, mashekhe wametofautiana, na mwenye shaka na aende akaulize msikitini mjini Kisii. Mimi nilimwuliza jambo jingine tu: magharibi ikiingia na chumba kimejaa, utafunga? Akanyamaza, kisha akasema atafunga. Nikaliandika moyoni.

Vijana wakaingia, kama kumi. Kijana mmoja akauliza kwa Kiswahili safi, "Mzee, hii mashine itatuona sisi weusi?" Nilicheka, lakini swali si la kipuuzi. Mwezi ule ule Kinect ilipotoka, tovuti ya michezo ya GameSpot iliripoti kuwa wafanyakazi wake wawili weusi wa ngozi walikuwa na taabu kutambuliwa sura. Consumer Reports wakaipima, wakasema tatizo ni mwanga hafifu na si ngozi. Tena kusoma mwendo wa mwili hutumia ule mwanga usioonekana, haujali rangi. Ilituona.

Kilichotushinda ni nafasi. Kinect yataka mchezaji mmoja akae kiasi cha mita 1.8 kutoka kwenye jicho, na wawili wakae mita 2.4. Tulipima kwa futi ya fundi. Chumba kina mita 3 kutoka ukuta mpaka ukuta, toa meza ya televisheni, toa benchi. Tukalitoa benchi nje, mvua ya Kisii ikalinyea. Wawili wakisimama kucheza, wanane wanabanwa mlangoni. Na hilo hakuna mhakiki wa London aliyeliandika, maana yeye hucheza sebuleni kwake bila kuhesabu vichwa. Kwa pedi, vijana wote hukaa bega kwa bega, wanaosubiri wanaona, wanatoa maoni, wanalipia zamu ijayo. Kwa jicho hili, wawili wamekula chumba kizima.

Fighters Uncaged wakaicheza dakika kumi. Kijana mrefu alipiga teke, likachelewa. Akapiga tena, likatoka ngumi. La tatu likamkuta stuli. Ilipowekwa Kinect Sports walicheka mpaka mama muuza ndizi wa jirani akaja kuchungulia. Ikachezwa nusu saa. Halafu, bila mtu kuwaambia, wakaomba warudishiwe Tekken. Mchezo huo ni wa vidole, na ndio uliompa Mkenya Sylvia Gathoni jina la Queen Arrow hata timu ya Marekani ikamwandikisha mwaka 2018. Wale wawili waliokuwa wakirusha mikono walikaa kitako wakashika pedi, na chumba kikatulia kama darasa la chuoni mwalimu aingiapo.

Tulipobaki wawili nikamwambia nionavyo. Kama ungekuwa na sebule na watoto wako, ningesema nunua, kwa sababu ya ile sahani ya kucheka. Ya pili itupe. Kwa biashara, hapana. Hakupendezwa. Aliniambia kuwa mimi nimekuja na jibu kutoka pwani, na kwamba vijana wangezoea. Huenda. Nami sikusahau kuwa akiba ni yake wala si yangu.

Asubuhi nilimsikia akizungumza na mchuuzi mlangoni, na mashine ikaingia tena katika katoni yake. Nilipopanda matatu kwenda mjini Kisii alikuwa amekwisha kumfunga shuka mteja wake wa kwanza, naye akanipungia kwa mkono wenye kitana. Benchi lilikuwa bado juani, likikauka.