Kutoka Tani Hadi Mikrogramu: Hesabu ya Gunia la Mahindi

Mkulima wa Matulo, kama wenzake wa Bungoma na Kitale, huvijua vipimo vya namna nyingi. Mwenye lori huhesabu mahindi kwa tani, mkulima kwa magunia, na mama anunuaye sokoni kwa gorogoro. Lakini viko na vipimo vingine, vidogo mno, ambavyo yafaa kila mwenye ghala avifahamu.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: kila hatua ni elfu. Tani moja ni kilo 1,000. Kilo moja ni gramu 1,000. Gramu moja ni miligramu 1,000. Na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Ushukapo, zidisha kwa elfu. Upandapo, gawanya kwa elfu.

Tulitazame gunia. Zamani lilikuwa la ratili 200, yaani karibu kilo 91. Siku hizi ni kilo 90. Basi tani moja ni magunia 11 na kilo 10 zaidi. Gunia moja ni gramu 90,000, na kwa kuwa punje tatu hivi zina uzito wa gramu moja, gunia lina punje zaidi ya robo milioni.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kushuka chini ya gramu? Jibu ni sumu iitwayo aflatoksini, itokanayo na ukungu uotao katika mahindi yenye unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa.

Sheria ya Kenya hairuhusu sumu hiyo izidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Zidisha kwa 90: gunia zima lisiwe na zaidi ya mikrogramu 900, ambazo hazitimizi hata miligramu moja. Uzito huo haufiki sehemu moja ya mia tatu ya punje moja! Na mtu akikosea akaandika miligramu mahali pa mikrogramu, atakuwa ameruhusu sumu mara elfu ya kiasi cha sheria.

Kitu kidogo hivyo hakionekani kwa macho, wala kupika hakukiondoi. Kinga yake ni kuyakausha mahindi upesi baada ya kuvuna, juu ya turubai na si juu ya udongo, mpaka maji yaliyomo yasizidi kilo 13 na nusu katika kila kilo 100. Yaani kilo 12 hivi katika gunia.

Mkulima hawezi kuipima mikrogramu nyumbani kwake, lakini unyevu uizaao sumu hiyo aweza kuuzuia. Aanikaye vizuri leo hulinda tani za ghala lake, na uhai wa watoto wake pia.