Daftari la Mambo Uyaonayo

Watu wengi hudhani ya kuwa sayansi ni kazi ya wenye vyombo vya thamani kubwa. Sivyo. Chombo cha kwanza cha mwanasayansi ni daftari, na daftari hupatikana katika kila duka.

Sababu ya kuandika ni kwamba kumbukumbu ya mwanadamu hudanganya. Mwulize mkulima ni siku gani mvua za masika zilianza mwaka juzi. Atajibu kwa hakika; na jirani yake atajibu kwa hakika vile vile, wala majibu yao hayatapatana. Hata hivyo kila mmoja hupanda kwa kuitegemea kumbukumbu hiyo. Mvua ikinyesha siku mbili kisha ikakatika, mbegu hufa ardhini, na fedha iliyozinunua imepotea.

Basi anza na mvua. Twaa kopo ambalo mdomo na kitako chake vina upana mmoja, uliweke mahali peupe, mbali na miti na nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi pima kwa rula kina cha maji, andika, kisha yamwage. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba ya shamba lako.

Zishike kanuni hizi. Andika tarehe, saa na mahali. Usiandike "mvua nyingi". Andika "milimita 22". Kama hukupima, andika "sikupima", wala usibuni hesabu. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lipate kusomeka bado. Tena uliyoyaona yawe mbali na unayoyadhani, na ukurasa mmoja uwe wa maswali.

Maswali hayo yasidharauliwe. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Kwa haraka ya kupata nafasi katika friji alitia maziwa yake yangali moto. Nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Lakini kijana hakuliacha swali lake. Baadaye alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka; mgeni hakucheka, bali alikwenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja, na leo ajabu hiyo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Hata sasa wataalamu hawajapatana juu yake. Wengine wamejaribu wasione kitu, kwa kuwa matokeo hugeuka kwa chombo, kwa kiasi cha maji na kwa joto lake. Ndiyo maana mambo madogo huandikwa pia: asiyeyaandika hawezi kulirudia jaribio lake mwenyewe.

Mpemba alilihifadhi swali lake moyoni kwa miaka. Maswali yetu wengi hupotea kabla ya jua kutua. Nunua daftari leo, na watoto wako wakuone ukiandika. Baada ya misimu mitano utakuwa na jambo lisilouzwa dukani: habari za kweli za shamba lako mwenyewe.