Kompyuta ya mezani kwa familia: nunua nini, acha nini

Swali hili linatufikia kila mara. Mtoto yuko sekondari, au kijana ameanza kozi ya kwenye intaneti, na simu haitoshi tena. Kazi ya kurasa 10 huwezi kuiandika kwa kidole gumba. Pesa imewekwa kidogo kidogo kwenye banki nkhonde au likelemba, zamu imefika. Baba anataka laptopu, kijana anataka ya kisasa, na mama anauliza kama hiyo pesa isingefaa kununua unga. Mama ana haki ya kuuliza. Pesa hiyo ikiishia kwa mashine mbovu, nyingine haiji upesi.

Masomo ya kompyuta si kitu kigeni hapa Dzaleka. Wajesuiti walianza kufundisha masomo ya chuo kwa njia ya intaneti hapa mwaka 2010, wakati mmoja na Kakuma kule Kenya. Baadaye ikaja AppFactory, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, vijana wakajifunza kutengeneza programu. Kwa hiyo fundi wa kukushauri hayuko mbali. Ukienda kununua, mchukue kijana mmoja anayejua, umlipie nauli na chakula. Hiyo nauli ni ndogo kuliko hasara.

Sasa, watu wa Ulaya na Marekani wakisema wanaunda kompyuta ya bei ndogo, wananunua vipande vipya kimoja kimoja: kesi, madabodi, prosesa, pawasaplai, halafu wanafunga wenyewe. Kwetu hesabu hiyo haitoki. Kila kipande kipya kinakuja kwa dola, na kwacha mnaijua. Mwezi wa 11 mwaka 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja. Ndiyo maana hapa hatuandiki bei, maana tukiandika leo, gazeti likikufikia imekuwa uongo. Njia yetu ni nyingine: chukua kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyotoka ofisini, halafu ubadilishe vipande viwili tu. Ni kama nguo za kaunjika. Anayejua kuchagua anatoka na koti zuri, asiyejua anatoka na zipu mbovu.

Umeme kwanza

Kabla ya kufikiria mashine, angalia ukutani kwako. Una ESCOM, una sola, au unaomba kwa jirani? Hili ndilo linaloamua.

Kompyuta ya mezani ya ofisi, ile kesi nyembamba, ikifanya kazi ya kuandika inakula kama wati 30 hadi 60. Skrini bapa ya inchi 19 inakula wati 15 hadi 20. Ile skrini ya zamani yenye mgongo mkubwa kama televisheni ya babu inakula wati 70 au zaidi peke yake. Hata ukipewa bure, iache. Halafu kuna kompyuta ndogo sana, ukubwa wa kitabu kinene, Dell wanaziita Micro na Lenovo wanaziita Tiny. Hizo zinatumia chaja kama ya laptopu, na kwa kuandika zinakula wati 10 hadi 25 tu.

Tufanye hesabu ya nyumba yenye sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Kama ni betri ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi una 600. Kompyuta ndogo pamoja na skrini ni kama wati 40, weka na kile kinachopotea kwenye inverta, sema 45. Kijana akisoma saa 3 jioni ametumia 135. Betri inakupa jioni 4 hata jua likikosa kabisa. Kompyuta kubwa pamoja na skrini, sema wati 80 na upotevu wa inverta, kwa saa hizo 3 ni 240, na jioni ya tatu unabaki gizani kabla hajamaliza. Na bado hujawasha taa wala hujachaji simu ya mtu.

Kwa hiyo mwenye sola achukue ile ndogo, hata kama bei yake iko juu kidogo. Mwenye ESCOM anaweza kuchukua ile kubwa, lakini anunue na stabilaiza. Umeme ukikatika, chomoa kabisa. Hatari iko pale unaporudi, maana unarudi kwa kishindo. Wanaoishi kwa umeme wa jirani na hawana betri, kwao tunakubali laptopu, hata ya zamani, mradi betri yake inashika walau saa 2. Wengine laptopu ya mtumba tunaiogopa: betri imechoka, skrini ikivunjika umekwisha, na kibodi ikiingia maji ya chai hali ni hiyohiyo. Kwenye kompyuta ya mezani, kipanya kikifa unabadilisha kipanya.

Kuchagua

Majina utakayokutana nayo Lilongwe kwenye mtumba ni Dell OptiPlex, HP na Lenovo ThinkCentre. Yote yanafaa. Usitazame rangi, tazama prosesa. Ukiona imeandikwa i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 4, ndiyo kizazi chake. Kwa kuandika, kusoma, kutazama masomo ya video na kupiga hesabu, i3 au i5 ya kizazi cha 4 inatosha vizuri. Muuzaji atakusifia i7. Mwambie asante.

Vipande viwili vya kubadilisha ni hivi. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanaita RAM. Ikiwa na GB 4 utasukuma, ikiwa na GB 8 utatulia. Angalia aina yake: mashine za kizazi cha 3 na cha 4 zinatumia DDR3, mpya zaidi nyingi zinatumia DDR4, na moja haiingii mahali pa nyingine. Zile kompyuta ndogo zinatumia RAM fupi ya laptopu. Piga picha ya ile ya zamani uende nayo dukani. Cha pili ni diski. Toa ile ya zamani inayozunguka, weka SSD, hata ya GB 120 au 240. Hapa ndipo pesa inaonekana kwa macho: mashine iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka itawaka kabla maji ya chai hayajapata moto. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD.

Kabla ya kulipa

Kutoka hapa hadi Lilongwe ni kilomita 40 na kitu. Kumbuka amri ya serikali ya mwaka 2023 iliyowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini. Kabla ya kupanda minibasi, uliza kwanza habari ya ruhusa ya kutoka, uwe na karatasi zako. Na kwa sababu kurudi tena ni kazi, kila kitu kijaribiwe palepale dukani. Neno la Kichewa la kukusaidia ni hili: "Bambo, tiyese kaye." Yaani, baba, tujaribu kwanza. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Anayekasirika, mwachie mashine yake.

Kwanza, nyuma pale waya wa umeme unapoingia. Pawasaplai nyingine za zamani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na umeme wa Malawi ni 230. Ukichomeka hivyo unasikia pah! na moshi, biashara imekwisha. Kiswichi kiwe 230. Zisizo na kiswichi zinasomeka kwenye kibandiko, ziwe zimeandikwa 100-240.

Pili, fungua kesi. Kwenye madabodi kuna vikopo vidogo vilivyosimama kama ngoma. Kichwa chake kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa majimaji, acha. Vumbi peke yake si ugonjwa, linapigwa brashi.

Tatu, iwashe uone kama inadai neno la siri kabla hata ya kufungua programu. Kompyuta za makampuni mara nyingine zinabaki na kufuli hiyo, na kuitoa si kazi ya kila fundi. Ikikataa kufunguka hapo dukani, haitafunguka Dzaleka.

Nne, saa. Ukiona tarehe imerudi miaka mingi nyuma, usitishike. Ni kile kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, kimeisha. Kinabadilishwa kwa pesa ndogo. Lakini usimwambie muuzaji kwamba unajua, hapo ndipo pa kupunguziwa bei.

Mwisho, waya wa skrini. OptiPlex nyingi zina tundu la VGA na la DisplayPort, skrini za zamani nyingi zina VGA tu. Hakikisha zinakutana, na uwaone wameunganishwa, picha iko safi, milango yote ya USB inasoma flashi. Kijana wako aje na flashi yenye Linux ndani: mashine inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, na mnaona hapohapo kama sauti na mtandao vinafanya kazi.

Programu bila kuiba

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta zetu za kizazi cha 4 hazimo. Kuna watakaokuwekea Windows ya magendo, pamoja na virusi vyake. Sisi tunapendekeza Linux Mint, ile ya Xfce iliyo nyepesi. Ni ya bure na inaendelea kupata masahihisho. Ndani yake kuna LibreOffice, inafungua na kuhifadhi barua za Word. Wa siku nyingi wanakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. LibreOffice ilitoka kwenye ukoo huohuo mwaka 2010. Mwenye kibanda cha kuchapa tu ndiye aulize kwanza kama printa yake inakubali Linux.

Kwa kuwa bando ni ghali, weka na Kiwix. Ni programu inayosoma Wikipedia bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yote pamoja na picha ni karibu GB 100, hiyo itahitaji diski. Ile diski ya zamani uliyotoa, kama bado nzima, sasa imepata kazi.

Jambo moja kwa waliosoma Congo au Burundi: kibodi za hapa ni QWERTY, si AZERTY mliyozoea. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio, lakini herufi zilizoandikwa juu ya vitufe hazitafuata. Mtoto anayesoma shule ya Malawi mwache na QWERTY. Baba anayeandika barua za Kifaransa atazoea, au abandike vikaratasi.

Nyumbani, iweke juu ya meza, si chini, vumbi letu hili jekundu linapenda feni. Ikizimwa ifunike na chitenje. Ikiwaka, kamwe usiifunike, inahitaji kupumua.

Na risiti. Iwe na jina la duka, tarehe, na namba iliyo kwenye kibandiko cha mashine. Ukiulizwa njiani kompyuta hii umeitoa wapi, jibu liwe mfukoni. Kwenye minibasi, skrini mpakate mwenyewe, kioo kikielekea tumboni, usikubali konda aiweke chini ya magunia.