Msukosuko Wenye Mpaka: Somo Kutoka Ziwa Kivu

Mwanafunzi wetu mmoja anayetoka Butare, Wilaya ya Rusizi (Cyangugu ya zamani), alituuliza: ikiwa Ziwa Kivu lina gesi nyingi chini, mbona upepo, mvua na mitetemeko ya ardhi havijalipindua? Jibu limo katika hisabati ya mifumo badilifu, yaani vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyopita kwa kufuata kanuni.

Kila mfumo hupata misukumo midogo isiyotabirika. Wanahisabati huiita "kelele", jina lililotoka kwa mafundi wa simu na redio. Sisi tunapendelea "msukosuko nasibu", kwa kuwa hapa hakuna sauti.

Tuchukue gololi ndani ya bakuli. Ukilitikisa bakuli, gololi hupanda kidogo kisha hurudi chini. Kama misukumo haina mpaka wa nguvu, hata ule mkubwa usiotokea mara kwa mara utafika siku moja, na gololi itatoka. Lakini kama nguvu ina mpaka, na misukumo hata ikifuatana kwa namna mbaya kabisa haiwezi kuifikisha ukingoni, gololi haitatoka kamwe, hata ukingoja miaka elfu. Mpaka ukizidi kidogo tu, usalama huo wa daima huondoka, ingawa huenda tukasubiri sana kabla ya kuona gololi ikitoka.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Chini kabisa mna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Maji ya chini ni mazito kwa sababu ya chumvi na gesi iliyoyeyuka, kwa hiyo hayapandi kwa urahisi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita Goma ikaingia ziwani, lakini tabaka za chini hazikupinduka. Ukingo ulikuwa bado juu.

Hata hivyo, bakuli lenyewe hubadilika. Gesi ikizidi kujilimbikiza, ukingo hushuka, na msukosuko uleule uliokuwa salama jana huweza kuwa hatari kesho. Katika Ziwa Nyos, Kamerun, gesi nyingi ilikuwa imejikusanya; ilipofumuka tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walifariki.

Ndiyo maana kuvuna methani, kazi ambayo mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi unaifanya kwa kuzalisha umeme, si suala la nishati peke yake. Kukifanywa kwa uangalifu, hupunguza gesi. Maji yakirudishwa katika kina kisichofaa, huweza kuvuruga tabaka zinazotulinda.

Basi, tunaoishi kando ya ziwa tusiulize tu, "Msukosuko utakuja lini?" Tuulize pia, "Mkubwa kabisa una nguvu gani, na ukingo wetu uko juu kiasi gani?"