Nguo ya Kuazima: Usimamizi wa Chapa za Anasa katika Soko la Ugenini

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mfanyabiashara wa bidhaa za anasa, methali hii ni kweli nusu tu. Mkoba ulioshonwa Ufaransa unaweza kuwa mzuri kiasi cha kuwavutia wanunuzi wa bara jingine, lakini uzuri wake hauamui ni nani atakayeuuza huko, kwa bei gani, katika duka la namna gani, wala kwa lugha ipi. Maswali hayo ndiyo kiini cha usimamizi wa chapa ya anasa katika soko la ugenini.

Makala haya yanayachunguza maswali hayo kwa kurejelea Japani, nchi iliyokuwa miongoni mwa masoko makuu ya bidhaa za anasa duniani tangu miaka ya 1970. Mifano miwili inalinganishwa: Louis Vuitton ya Ufaransa na Burberry ya Uingereza. Hoja inayojengwa ni kwamba mali kuu ya kampuni ya anasa ni jina lake, na kwamba hatima ya jina hilo ugenini hutegemea iwapo mwenye jina ameliuza kwa mkono wake au ameliazima kwa mwingine.

Dhana ya Chapa

Neno chapa lilitumika katika Kiswahili kwa maana ya alama iliyopigwa juu ya kitu: muhuri juu ya karatasi, maandishi ya kiwandani au alama juu ya mnyama wa kufugwa. Alama hiyo humtambulisha mwenye mali. Maana ya kibiashara imetokana na wazo hilohilo. Louis Vuitton alianzisha karakana yake ya makasha ya safari jijini Paris mwaka 1854. Baada ya kifo chake mwaka 1892, mwanawe Georges alikabiliwa na waigaji wengi. Mwaka 1896 alibuni kitambaa chenye herufi L na V zilizofumbatana katikati ya maua, ili bidhaa halisi ijulikane mbele ya bidhaa ghushi. Chapa hiyo, basi, ilizaliwa ikiwa silaha ya kulinda jina.

Bidhaa ya anasa hutofautiana na bidhaa ya kawaida kwa sababu mnunuzi halipii ngozi na uzi pekee. Hulipia pia sifa, historia na uhakika kwamba kitu hicho hakipatikani kila mahali. Sukari ikiuzwa katika kila duka la mtaani, hapana linaloharibika. Mkoba wa anasa ukiuzwa hivyo, hupoteza kile kilichoupa thamani. Msimamizi wa chapa ya anasa, kwa hiyo, hukabiliwa na kitendawili: auze zaidi, lakini asionekane kila pembe.

Kampuni inayotaka kuvuka mipaka huwa na njia tatu hasa. Ya kwanza ni kumpa wakala wa nchi ile haki ya kuagiza na kuuza bidhaa. Ya pili ni kutoa leseni, yaani kumruhusu mwenyeji kutengeneza bidhaa mwenyewe na kuzitia jina la kampuni, naye alipe mrabaha. Ya tatu ni kuunda kampuni tanzu na kuuza moja kwa moja. Mbili za kwanza huhitaji mtaji mdogo na huleta fedha mapema. Ya tatu huwa ghali na huenda polepole, lakini humwachia mwenye jina usukani.

Louis Vuitton: Mwenyewe Dukani

Katika miaka ya 1970, Wajapani wengi walianza kusafiri Ulaya, na mikoba ya Louis Vuitton ikawa miongoni mwa vitu walivyovitamani sana. Walipiga foleni mbele ya duka la Paris. Nyuma yao walikuja walanguzi walionunua kwa wingi na kuuza Japani kwa bei iliyozidi maradufu ile ya Paris. Hali hiyo iliiweka kampuni katika hatari ya ajabu. Bidhaa zake zilikuwa zikiuzwa sana katika nchi ambamo haikuwa na duka hata moja, wala haikuwa na sauti juu ya bei na huduma. Aidha, palipo na ulanguzi, bidhaa bandia hazikosi.

Mtu aliyehusika kutafuta suluhisho alikuwa Kyojiro Hata, Mjapani aliyekuwa mshauri wa biashara. Baadaye aliiongoza kampuni hiyo nchini Japani kwa miaka mingi, na akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mwaka 1978 Louis Vuitton ilifungua milango yake katika miji ya Tokyo na Osaka, ndani ya maduka makubwa ya Kijapani yenye vitengo vingi. Mpango wake ulikuwa na sura mbili. Maduka hayo yaliagiza bidhaa kutoka Paris moja kwa moja, bila dalali katikati. Wakati huohuo, tawi la Louis Vuitton nchini Japani lilisimamia upangaji wa bidhaa, mafunzo ya wauzaji na ubora wa huduma. Mwaka 1981 iliundwa kampuni tanzu kamili, na duka lake lenyewe likafunguliwa Ginza, mtaa mashuhuri wa biashara jijini Tokyo.

Yafaa kuangalia kwa makini jinsi kazi ilivyogawanywa. Bidhaa haikubadilishwa ili ifanane na ya Kijapani, kwani mnunuzi alitaka kitu cha Paris. Kilichokabidhiwa wenyeji ni namna ya kumpokea mnunuzi, kumhudumia na kumtengenezea mkoba unapochakaa. Kwa maneno mengine, bidhaa ilibaki mgeni lakini mwenyeji ndiye aliyeitambulisha. Hata ubunifu wa Kijapani ulipokaribishwa, ulipita chini ya mkono wa mwenye jina. Duka la Omotesando lililofunguliwa mwaka 2002 lilisanifiwa na Jun Aoki, Mjapani, kwa umbo la makasha yaliyopandana. Mwaka 2003 msanii Takashi Murakami aliipaka nembo ya mwaka 1896 rangi 33.

Suala la Bei

Jambo lililowasumbua wasimamizi kuliko mengine yote ni bei. Kama bei ya Tokyo ingekuwa juu mno kuliko ya Paris, walanguzi wangerejea. Kama ingekuwa sawa kabisa, gharama za usafirishaji, ushuru na kodi za majengo zingeimeza faida. Uamuzi uliofikiwa mwaka 1978 ulikuwa kuweka bei ya Japani takriban mara 1.4 ya ile ya Paris. Tofauti hiyo ilitosha kulipia gharama bila kuwapa walanguzi nafasi kubwa.

Hata hivyo, kiwango hicho hakikuweza kulindwa mara moja na kusahauliwa, kwa kuwa thamani ya fedha hupanda na kushuka. Yeni ya Japani ikipanda, mkoba wa Paris huwa rahisi kwa Mjapani anayesafiri, na duka la Tokyo huonekana kuwa la kunyonya. Kwa sababu hiyo kampuni ilijenga desturi ya kurekebisha bei kufuatana na ubadilishaji wa fedha. Mwishoni mwa mwaka 2008, yeni ilipopanda, bei nchini Japani zilipunguzwa kwa wastani wa asilimia 7. Mnamo Februari 2013, yeni iliposhuka, ziliongezwa kwa wastani wa asilimia 12. Kupunguza bei ya bidhaa ya anasa huweza kudhaniwa kuwa aibu, lakini hapa kulikuwa kulinda uaminifu: mnunuzi wa Tokyo asijione amedhulumiwa kwa kuwa tu hakupanda ndege.

Mwaka 2024 historia ilijirudia kwa kinyume. Yeni iliposhuka mno, watalii, wakiwemo Wachina wengi, walimiminika Japani kununua bidhaa za anasa kwa bei iliyokuwa nafuu kuliko ya kwao. Foleni iliyokuwa ya Wajapani jijini Paris katika miaka ya 1970 ikawa foleni ya wageni jijini Tokyo. Mauzo yalipaa, lakini faida kwa kila bidhaa ikapungua. Hapa inadhihirika kwamba soko la ugenini halisimamiwi peke yake: bei ya nchi moja hugusa mauzo ya nyingine.

Burberry: Jina Lililoazimwa

Burberry, iliyoanzishwa mwaka 1856 na kusifika kwa makoti yake ya mvua, ilipita njia nyingine. Kuanzia mwaka 1970 kampuni ya Kijapani ya Sanyo Shokai ilipewa leseni ya kutengeneza na kuuza mavazi kwa jina la Burberry nchini humo. Kampuni hiyo iliwajua Wajapani barabara. Ilishona nguo kwa vipimo vya miili yao na kwa bei walizozimudu. Mwaka 1996 ilianzisha Burberry Blue Label kwa wasichana, na mwaka 1998 Burberry Black Label kwa wavulana. Mwaka 1997 mwimbaji maarufu Namie Amuro alipotangaza ndoa yake akiwa amevaa sketi fupi yenye miraba ya Burberry, vijana waliikimbilia sketi hiyo madukani.

Kwa kipimo cha mauzo, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, mafanikio yenyewe yalizaa tatizo. Burberry ya Tokyo na Burberry ya London zikawa vitu viwili vyenye jina moja. Mtalii wa Kijapani aliyefika London alikuta bei za juu zaidi na mitindo asiyoitambua. Hali kama hiyo ilikwisha kumkuta mbunifu Pierre Cardin, aliyetoa mamia ya leseni duniani hadi jina lake likaonekana juu ya vitu vingi visivyohusiana na ushonaji, na hadhi yake katika ulimwengu wa mitindo ikapungua.

Burberry iliamua kulirejesha jina lake. Leseni ilifikia kikomo mnamo Juni 2015, na kampuni ikaanza kuuza Japani katika maduka yake machache, kwa bei za juu. Kwa Burberry, huko kulikuwa kupoteza mrabaha wa hakika ili kupata hadhi ambayo ingechukua miaka kujengwa. Kwa Sanyo Shokai yalikuwa masaibu. Kwa miaka 45 ilikuwa imekuza wateja, mafundi na mitindo, lakini juu ya vyote hivyo palikuwa na jina la mwingine. Ilijaribu kuziba pengo kwa chapa nyingine, lakini ikapata hasara kwa miaka kadhaa mfululizo, na mamia ya wafanyakazi wakaondoka kupitia mipango ya kustaafu kwa hiari. Waswahili walikwisha kusema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lugha na Heshima ya Mwenyeji

Kusimamia kwa mkono wa mwenyewe, hata hivyo, si dawa ya kila ugonjwa. Mwenye jina asipoijua lugha na hisia za mwenyeji, mkono huohuo waweza kubomoa. Nchini China, mnamo Novemba 2018, Dolce & Gabbana ya Italia ilisambaza filamu fupi zilizomwonyesha mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza na vyakula vingine vya Kiitaliano kwa vijiti. Kilichokusudiwa kuwa mzaha kilipokewa kama dharau. Onyesho la mavazi lililopangwa kufanyika Shanghai tarehe 21 Novemba lilifutwa, na maduka makubwa ya mtandaoni ya China yakaziondoa bidhaa zake. Siku chache baadaye waanzilishi wawili wa kampuni walitoa video ya kuomba radhi, wakaihitimisha kwa neno la Kichina la kuomba msamaha. Lugha ya mwenyeji ilitumiwa mwishoni, ilhali ilipaswa kutangulia.

Tukio hili lina uzito kwa wanafunzi wa lugha. Tangazo la biashara ni matini, na kila matini husomwa ndani ya utamaduni wa msomaji wake. Tafsiri ya maneno peke yake haitoshi. Mtu anayejua kinachomchekesha na kinachomuudhi mwenyeji ni sehemu ya usimamizi, wala si pambo lake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usimamizi wa chapa ya anasa ugenini husimama juu ya mafiga matatu: jina lililo mikononi mwa mwenyewe, bei isiyomdhulumu mnunuzi wa nchi yoyote, na sauti ya mwenyeji katika huduma na mawasiliano. Louis Vuitton iliyapanga yote matatu nchini Japani. Burberry ililiachilia la kwanza, ikalazimika kulirejesha kwa gharama kubwa. Dolce & Gabbana ilijikwaa kwenye la tatu.

Somo hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba isajiliwe neno la kikoi, kwa tahajia yake, kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kenya ilipinga, na mwaka 2008 ombi hilo likaangukia patupu. Lau lingefaulu, mfumaji na mfanyabiashara wa kikoi angehitaji ruhusa kuliuza vazi lake huko kwa jina alilolirithi kwa wazee wake. Anayekuza jina la mwingine bila mkataba wa kumlinda, na anayeliacha jina lake bila ulinzi, wote wawili huishia mahali pamoja: kazi ni yao, nguo ni ya mwenyewe.