Bunduki ya Stanley na msokoto wa mtutu

Wadau, hapa Ujiji ukitaja 1871 utasikia Stanley na Livingstone chini ya mwembe. Mimi nawaza bunduki! Stanley alikuja na Winchester, ile ya kukoki kwa wenzo wa chini. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota kama skrubu. Ndiyo inayozungusha risasi isiyumbe. Winchester ya modeli 1894, kaliba .30-30, huzunguka mara moja kila inchi 12. Marlin nyingi za.44 Magnum, inchi 38. Risasi ndefu hutaka mzunguko wa haraka. Ikiukosa inayumba, inatua ubavu, mnyama anakimbia na jeraha. Kesho anakutana na mama aliyefuata kuni. Kwa hiyo wawindaji wenye vibali, msiangalie kaliba tu, ulizeni na msokoto. Mnasemaje?